Sindano Zilizolala Barafuni

Mwalimu wetu alikuwa na sheria moja iliyonikera tangu siku ya kwanza: daktari haruhusiwi kumlaza mtu kwenye mashine kabla hajalala yeye mwenyewe. Nilikuwa nimefanya kazi ya udaktari miaka tisa, mingi kati ya hiyo katika chumba cha dharura mjini Thika, nikishona vidole vilivyopitiwa na mashine za viwandani. Sasa nilikuwa nimerudi shule kusomea tiba ya damu katika kitengo cha hospitali moja, na mtu ananiambia nipande kitandani nidungwe mikono yote miwili mbele ya watu. Nilinuna, lakini nilipanda.

Kwa ambaye hajaiona, mashine hiyo ina kimo cha kabati la jikoni. Inavuta damu kutoka mkono mmoja, inaizungusha kwa kasi mpaka inajitenga tabaka tabaka, kama malai yanavyojitenga na maziwa, inachukua tabaka linalotakiwa na kurudisha yaliyobaki kupitia mkono wa pili. Kazi hiyo inaitwa aferesi. Kwa njia hiyo unaweza kukusanya seli shina, ambazo wagonjwa tunawaeleza kwamba ni mbegu za damu. Mtu ambaye uboho wake, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umeharibika akipandiwa mbegu hizo, zikikubali, zinaota na kumtengenezea damu mpya.

Ili damu isigande ndani ya mipira, mashine huichanganya na dawa inayokamata kalsiamu. Sehemu ya dawa hiyo inarudi mwilini, na ikizidi midomo huanza kucheza na vidole kufa ganzi. Mimi haya niliyajua. Niliyafaulu hata kwenye mtihani. Basi nikiwa nimelala pale, mwalimu akaniuliza, "Unasikiaje?"

"Niko sawa."

Baada ya muda akauliza tena. Wakati huo midomo yangu ilikuwa ikitetema kama simu inayoita juu ya meza.

"Niko sawa tu."

Mwenzangu, daktari kijana tuliyekuwa tukisoma naye, ndiye aliyeona vidole vyangu vinajikunja. Mwalimu akapunguza kasi ya mashine, akanipa kalsiamu, akasubiri nitulie. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, wa kunywa chai iliyokwisha kupoa, na katika muda wote niliomjua sikumsikia akipaza sauti hata mara moja. Akaniambia, "Wewe unajua kila kitu kuhusu kalsiamu, na bado umenidanganya mara mbili. Sasa yule ambaye hajui, na tena anakuheshimu, atakwambia nini?"

Nilijua atasema nini. Huku kwetu unaweza kumkuta mtu amevunjika mguu, ukamuuliza habari, naye akakujibu nzuri kwanza, kisha ndipo akuonyeshe mguu. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema hivyo kila siku, na kila siku tunaficha. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu aliyeambiwa ukweli.

Sheria yake ya pili ilikuwa ya kuitikiana. Ukiwa kwenye mashine, kabla ya kugusa chochote unasema kwa sauti unachotaka kufanya, na mwenzako anarudia. "Nafungua mpira wa kurudisha." "Unafungua mpira wa kurudisha." Mimi niliona ni mchezo wa watoto wa katekisimu. Nilikuwa nikimwigiza mwalimu jikoni kwangu, mtaa wa Kimbo, nikiwa peke yangu: nafungua gesi, unafungua gesi.

Siku hizi nacheka ninapoyasimulia haya. Nacheka kwa sababu yalipita, na kwa sababu hakuna aliyekufa. Wakati ule sikucheka.

Mchangiaji wangu wa kwanza wa seli shina alikuwa dada mmoja wa miaka thelathini na kidogo, mzaliwa wa Bungoma. Alifanya kazi katika kiwanda cha kusindika matunda kwenye Eneo la Viwanda Thika, na alipanga chumba kimoja Mugutha. Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, alikuwa na saratani ya damu na amelazwa katika hospitali moja Nairobi. Ndugu wote walipimwa, na huyu dada peke yake ndiye aliyelingana naye. Mipango ilikuwa kwamba mbegu zivunwe kwetu, zipelekwe Nairobi siku hiyo hiyo, mdogo wake awekewe.

Kuvuna hakuanzi na mashine. Mchangiaji hudungwa sindano kila siku kwa siku tano hivi. Dawa hiyo inauchokoza uboho uzae mbegu nyingi mpaka zimwagike kwenye damu, mahali ambapo mashine inaweza kuzifikia. Na uboho ukichokozwa hivyo, mifupa huuma: kiuno, nyonga, kidari. Karibu kila mchangiaji hulalamika. Wakati huo huo, kule Nairobi, mgonjwa anapewa dawa kali za kuufuta uboho wake mgonjwa ili mbegu mpya zipate nafasi. Dawa hizo zikishaingia hazitoki. Ni kama kubomoa nyumba yako ukijua fundi anafika Jumatatu. Fundi asipofika, unalala nje. Na mgonjwa asiye na uboho halali nje siku nyingi.

Alhamisi dada alikuja kitengoni, nikamdunga sindano ya kwanza mwenyewe. Nikampa tatu nyingine ndani ya pakiti yenye barafu ya kusafiria: ya Ijumaa, ya Jumamosi na ya Jumapili. Jumatatu angerudi kwetu tumdunge ya mwisho na kuvuna.

"Weka kwa friji," nikamwambia. "Kila asubuhi unatoa moja, unaipeleka kliniki iliyo karibu na wewe, wanakudunga."

"Sawa, daktari."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, daktari."

Akaikumbatia ile pakiti kama kitoto kichanga, akaondoka. Kwenye mashine tulikuwa tunarudiana kila neno. Kwa mtu mwenye miguu yake, anayekwenda nyumbani na maisha ya ndugu yake mkononi, niliridhika na sawa moja. Sikumwambia arudie. Haikunijia hata kidogo.

Jumamosi mchana nilikuwa nimepumzika, niko juu ya jengo letu Kimbo naanika nguo. Nikampigia simu, nikamwuliza kama mifupa inamuuma.

"Hapana, daktari. Niko sawa kabisa. Asubuhi nimedungwa ya leo."

Nikafurahi. Nikamwandikia mwalimu ujumbe: siku ya tatu, mchangiaji hana maumivu ya mifupa. Nikaongeza na kale kapicha ka kidole gumba. Sijamaliza kubana shuka akanipigia.

"Umeandika hana maumivu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na umefurahi."

Nikabana pembe ya pili ya shuka.

"Kuna mambo mawili," akasema. "Labda anakuficha, kama wewe ulivyonificha. Labda dawa haifanyi kazi. Ni lipi?"

"Sijui."

"Basi nenda ukajue."

Nilighadhabika. Nusu ya nguo zangu zilikuwa bado kwenye beseni, jua lenyewe lilikuwa la kubahatisha, na huyu mzee ananituma kwa mtu ambaye amesema mwenyewe kwamba yuko sawa. Nilichukua pikipiki nikilalamika mpaka dereva akaniuliza kama ni yeye amenikosea.

Mugutha ile ni ya majengo mapya yanayoota kila kukicha, mengine yamekwisha na mengine vyuma bado vimesimama juu. Nilimkuta dada kwenye uwanja wa ploti yao ya nyumba za kupanga, amechuchumaa anafua sare za kazi. Aliponiona alishangilia.

"Haki daktari umekuja kunitembelea! Karibu, nikuwekee chai."

"Kwanza niambie ukweli. Kiuno hakiumi? Hata kidogo? Usinionee haya."

"Hakiumi. Ona." Akasimama, mikono ina povu, akaruka mara mbili pale pale. Akacheka. Hakuna mtu anayeruka hivyo siku ya tatu ya dawa ile.

"Nionyeshe sindano iliyobaki."

"Iko kwa mama wa duka."

"Kwa nini iko dukani?"

"Mimi sina friji, daktari."

Alilisema bila aibu wala lawama, jinsi mtu anavyosema hana ng'ombe. Na mimi nilikuwa nimemwona akisaini karatasi, nimeandika kwa mkono wangu kwamba anaishi chumba kimoja na analipa stima ya tokeni. Mtu anayesomea mashine ya mamilioni alishindwa kuuliza habari za friji.

Duka lilikuwa mbele ya ploti. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, Mkikuyu kama mimi, anayesali kanisa moja na dada. Nikamwomba ile dawa. Alipita friji ya soda iliyokuwa mlangoni, akaenda mpaka nyuma, akafunua friza kubwa. Akaondoa mifuko ya barafu za watoto, akaondoa kuku, na chini kabisa akaitoa pakiti yetu.

"Hiyo ya soda watoto wanafungua kila saa," akanieleza. "Nikaona dawa ya hosi niiweke mahali pa maana."

Niliitoa sindano. Ilikuwa ngumu kama msumari.

"Na ya jana? Na ya leo asubuhi?"

"Zilikuwa tu hivyo," dada akajibu, tena kwa fahari. "Nilizibana kwa kwapa nikitembea. Nikifika kliniki zimeshayeyuka."

Dawa ile ikishaganda, huwezi kuitegemea tena. Limeandikwa hilo kwenye pakiti, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mavi ya nzi. Tangu Alhamisi dada alikuwa amepata sindano moja ya kuaminika. Nairobi mdogo wake alikuwa ameshapewa karibu dawa zote za kumfuta uboho.

Nilienda nyuma ya duka, kando ya tangi la maji, nikampigia mwalimu. Sijawahi kuwa hodari wa kusema nimekosea. Kwetu sisi madaktari mgonjwa ndiye asiyefuata maagizo, maabara ndiyo inayochelewa, na serikali ndiyo isiyoleta vifaa. Nilijaribu sentensi mbili tatu za namna hiyo kichwani. Kisha nikasema, "Mwalimu, nimeharibu." Nikamweleza yote.

Nilikuwa nimeshajiona nimerudishwa kushona vidole Thika.

"Una sindano nyingine nzima?" akauliza.

"Zimo kwenye duka la dawa la hospitali yetu. Naweza kuzifuata sasa hivi."

"Mdunge leo. Leo ndiyo siku ya kwanza, anza kuhesabu upya. Tutavuna Jumatano. Nairobi nitawapigia mimi." Kisha akaongeza, "Na yeye umwambie wewe. Usimwache mama wa duka abebe lawama."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Dada alikuwa amekaa juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, mama wa duka amesimama nyuma yake. Nikaeleza kwamba dawa ikiganda huharibika, kwamba mbegu hazijaanza kutoka ipasavyo, na kwamba itabidi mdogo wake asubiri siku mbili zaidi.

Dada akasimama kutoka kwenye mtungi.

"Kwa hivyo nimemuua ndugu yangu."

"Hapana."

"Ni mimi niliweka kwa barafu."

"Ngai, Mungu wangu," mama wa duka akasema, ameshika mdomo. "Ni mimi. Na mimi nilikuwa nasaidia."

Mimi huwa nachemka haraka, na pale nilichemka, lakini kwa mara ya kwanza maishani hasira yangu ilinipata mwenyewe moja kwa moja bila kupitia kwa mtu mwingine. Nikawaambia wote wawili kwamba kosa ni langu. "Nilikwambia friji na sikukuuliza kama unayo. Sikukwambia isigande. Nyinyi mmefanya vile mtu mwenye akili angefanya." Dada akaitikia kwa kichwa. Nikadhani ameamini.

Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimeenda na kurudi, nimemdunga sindano nzima, ya kwanza ya hesabu mpya. Zilizobaki zilikaa kwenye friji yangu mwenyewe Kimbo, rafu ya katikati, kati ya maziwa na sukuma wiki, nami nikawa nazipeleka Mugutha kila asubuhi. Jumapili nilimkuta amevaa kitambaa cha kanisa. Nikamdunga, tukatazamana.

"Mifupa inauma?"

"Haiumi, daktari."

Siku hiyo sikula kitu cha maana. Taarifa ya Nairobi ilikuwa kwamba mgonjwa anaendelea vizuri kwa hali yake, na kwa hali yake maana yake ni kwamba chembe nyeupe za damu zinakwisha mwilini, na mafua ya mtu aliyepita kwenye korido yanaweza kumwangusha.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ikalia.

"Daktari, pole kukuamsha. Mgongo. Mgongo na hapa kwa kiuno, na hapa mbele kwa kifua. Sijawahi sikia uchungu kama huu hata nikizaa."

"Asante Yesu!" nikapiga kelele. "Inauma sana?"

"Sana, daktari."

"Vizuri! Vizuri sana!"

Nikamsikia anajaribu kuelewa daktari wa aina gani huyu. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba ni dawa imeamka, nikampelekea vidonge vya maumivu na sindano ya siku hiyo. Njiani nilikuwa naimba. Yule dereva wa pikipiki wa Jumamosi ndiye aliyenibeba, akasema afadhali leo.

Jumatano tulimlaza kwenye mashine. Mwalimu alikaa kwenye stuli pembeni, mikono chini ya mapaja, jinsi alivyofanya kila mara ili asishike kitu. Mimi nilisimama upande wa kichwa, mwenzangu kwenye mashine, na tukaitikiana kila hatua. Sikuona mchezo wowote wa katekisimu siku hiyo. Nilikuwa nimeongeza jambo langu moja. Sikumuuliza dada anasikiaje. Nilimwambia, "Midomo ikianza kucheza, hata kidogo, unasema neno moja: midomo. Sasa nirudishie. Ikianza kucheza utasema nini?"

"Midomo."

"Vidole vikifa ganzi?"

"Vidole."

Alisema midomo mara tatu asubuhi ile, na mara zote tatu tulipunguza kasi na kumpa kalsiamu. Mara ya tatu alianza kuomba msamaha. Nikamwambia akiomba msamaha tena nitamwongezea sindano, akacheka, na mashine ikapiga kelele kwa sababu mkono ulitikisika.

Mfuko ulijaa taratibu, kitu chenye rangi ya supu ya nyanya. Dada akautazama ulivyokuwa ukining'inia. "Ni hii tu?" akauliza. "Hii inaweza kuwa mtu?"

Majibu ya maabara yalirudi alasiri. Tulipata nusu ya tulichohitaji. Mfuko huo ulipelekwa Nairobi vile vile ndani ya kisanduku cha baridi, ukitunzwa usigande, na kesho yake tungerudia. Daktari wa kule akatuambia kwamba mgonjwa ameanza homa.

Alhamisi tulianza mapema. Nilikuwa na hofu hata ya kuangalia mpira, lakini damu ilienda vizuri kuliko jana. Nusu yote ya kwanza dada alisali kimyakimya kwa lugha ya kwao, nusu ya pili akalala usingizi wa kukoroma. Tulipomaliza, mwenzangu alikimbiza sampuli maabara na mimi nikakaa kwenye benchi la korido. Nilijiambia sitatembea huku na huku kama watu wa kwenye televisheni. Nilitembea.

Mwalimu alikuja na karatasi mkononi. Akasoma hesabu.

"Rudia," nikamwambia.

Akanitazama juu ya miwani, akaielewa, akarudia hesabu ile ile, polepole, kila tarakimu. Ukijumlisha na ya jana, tulikuwa tumepita tulichohitaji, na ziada kidogo juu yake. Nikalia. Nililia kwa kelele, mkono ukutani, mpaka wagonjwa wa foleni ya kliniki ya kisukari wakanionea huruma, na mama mmoja akanishika bega akaniambia Mungu ndiye anajua. Nikamwambia ndiyo, lakini leo na sisi tunajua. Sijawahi kupata faraja kama ile, inayoshuka mpaka kwenye magoti.

Baadaye, wakati mfuko wa pili umekwisha kuondoka, nilimwuliza mwalimu kwa nini hakunifukuza. Akapiga funda la chai yake baridi. Akasema yeye mwenyewe aliwahi kumwambia mgonjwa ameze dawa saa mbili, na mgonjwa akazimeza saa nane usiku kwa sababu alisoma saa kwa Kizungu. "Ulinipigia simu," akasema. "Yule asiyepiga ndiye ninayemfukuza."

Mdogo wake dada alikaa kwenye homa siku sita. Kisha homa ikashuka, na wiki ya tatu chembe nyeupe zikaanza kuonekana, kidogo kidogo. Nilimpigia dada nikampa habari. Alisema asante Mungu, alisema asante daktari, na sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nikahesabu kwamba jambo hilo limekwisha.

Mgonjwa alipotoka hospitali alikuja kukaa na dada yake Mugutha, kwa sababu Bungoma ni mbali na kliniki. Mama wa duka aliwatafutia chumba cha pili kwenye ploti. Kila mwezi mgonjwa akawa anapimwa damu kwetu.

Miezi minane ilipita. Nilikuwa nimemaliza mafunzo yangu na nimepewa daktari mgeni wa kumfundisha, msichana mwerevu, mwenye kiburi kama changu. Nilikuwa nimeshamlaza kwenye mashine, na alikuwa amenidanganya mara moja tu. Asubuhi hiyo alinijia na mrija mkononi, macho yamemtoka.

"Hii damu si yake," akasema. "Faili inasema huyu mgonjwa ni kundi B. Nimepima mara mbili. Hii ni O. Mtu amechanganya mirija."

Kuchanganya mirija ndilo kosa tunalofundishwa kuliogopa kuliko yote, kwa sababu linaua. Alifanya vizuri kuja. Nikatoka, nikamwita mgonjwa mwenyewe, mdogo wake yule dada, kutoka kwenye benchi, nikamwuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, nikamtoa damu kwa mkono wangu. Alikuwa amenenepa, nywele zimeota, anatafuna andazi. Tukarudi maabara tukapima pamoja, mimi nikisema na msichana akirudia. Tone la kwanza, la kupima A, halikushikana. La pili, la kupima B, halikushikana. Ilikuwa O.

Dada yake ni O.

Nilimweleza yule msichana, naye akaduwaa, akaushika mrija juu ya mwanga kama anayetafuta kitu ndani yake. Damu aliyozaliwa nayo mgonjwa ilikuwa imekwisha. Iliyokuwa ikimtembea ni ile iliyoota kutoka kwenye mifuko yetu miwili. Nikamwambia aandike matokeo jinsi alivyoyaona, kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma nikampigia dada kiwandani. Ilikuwa saa yao ya chakula, nilisikia sahani na vicheko vya wanawake.

Nikamweleza kwa maneno mepesi. Vicheko vikafifia, nadhani alikuwa anatembea kutoka walipo wenzake.

"Kwa hivyo zilizoota ni zangu?" akauliza. "Zile tulitoa?"

"Ni zako. Hakuna nyingine mle ndani."

Nikasikia mlango ukifungwa nyuma yake, kisha akasema, "Mimi kila usiku nikisikia amekohoa huko chumbani kwake, nilikuwa nasema ni ile barafu. Nasema zile zilikuwa mbovu, sasa ndio zinaisha. Hata juzi nimeamka nikaenda kusikiliza kwa mlango."

Miezi minane. Kila mwezi alikuja na mdogo wake kliniki, tukasalimiana, tukacheka, na sikuwahi kumwuliza.

"Haziishi," nikamwambia. "Nimeziona leo kwa macho yangu."

Ndipo akaanza kulia, na katikati ya kilio akaanza kusimulia, usiku mmoja baada ya mwingine. Sikumkatiza. Nilikaa pale kwenye ngazi nikamsikiliza mpaka kengele ya kiwanda ikalia na akasema sasa lazima arudi kazini.